Ziwa Kivu: Taa ya moteri ikiwaka, waya si wa kukatwa

Kwenye bandari ndogo za ziwa Kivu, kuanzia Bukavu kupitia Idjwi na Kalehe hadi Minova na Goma, kuna dawa moja ambayo waendesha boti wengi wanaijua. Moteri ikianza kulia piii na taa nyekundu ikiwaka, unakata waya wa alami. Kelele inaisha, abiria wanaacha kuuliza maswali, safari inaendelea. Dawa hii haigharimu hata franka moja na yeyote mwenye kisu anaweza kuitoa. Ni dawa mbaya, na imefika saa ya kuisema hivyo waziwazi, sababu ziwa hili limekwisha kumeza watu wengi mno.

Lazima kuwa wakweli tangu mwanzo: ajali kubwa ambazo watu wanakumbuka hazikutokana na taa ya moteri. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, watu zaidi ya mia moja wakakosekana, na Rais Félix Tshisekedi akaagiza kila msafiri wa ziwani avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa ufukweni wakiangalia kwa macho yao. Mara hiyo iliyozungumzwa zaidi ni mizigo na abiria kupita kipimo. Lakini uzito kupita kipimo na moteri iliyozimika ni ndugu wawili. Boti yenye moteri inayovuta inaweza kuelekeza pua yake kwa mawimbi. Moteri ikifa, boti inageuka ubavu, na boti iliyojaa ikipigwa ubavuni haina muda mrefu.

Kwa mkaaji wa Idjwi jambo hili halihitaji maelezo. Kisiwa hakina barabara ya kwenda Bukavu wala Goma. Barabara ni moteri. Mananasi, kahawa na maharage yanapita hapo. Mwanafunzi anapita hapo, maiti inapita hapo, mama mwenye uchungu anayetumwa kwenye hospitali kubwa anapita hapo. Moteri ikipata pane nusu ya njia, hakuna garaji pembeni, na nanga haifiki chini, sababu ziwa lina vina vya zaidi ya mita 450.

Kwa nini basi kelele za taa na alami zimekuwa nyingi siku hizi? Kwa sababu moteri zimebadilika, na ufundi wa kuzitengeneza haukubadilika nazo. Kwa miaka mingi ziwa liliendeshwa na moteri za mapigo mawili, zile Yamaha Enduro za nguvu 15, 25 na 40 ambazo kila kijana wa bandari amewahi kuzifungua. Unachanganya esansi na mafuta ya moteri ndani ya bidoni, unavuta kamba, inawaka. Ikigoma unasafisha bujiyi, unasafisha kareburateri, basi. Zilijenga mafundi hodari ambao hawakuhitaji shule wala umeme. Hadi leo ziko, na hakuna sababu ya kuzidharau.

Sasa zinaingia moteri za mapigo manne zenye injeksheni. Zinakula esansi kidogo kuliko zile za zamani, hazitoi moshi mwingi, na wenye boti wanazipenda kwa hesabu hiyo. Ila ndani yake kuna kompyuta ndogo inayosoma joto la maji, shindo la mafuta, shindo la hewa, mzunguko wa moteri na umeme wa bateri. Kompyuta hiyo ikiona kitu hakiendi sawa, inawasha taa. Ikiona ni hatari, inalia na kupunguza mbio yenyewe. Kwenye Yamaha nyingi inashuka hadi karibu mizunguko 2,000 kwa dakika, unaweza kusukuma gesi unavyotaka, haitapanda. Hapo ndipo muendeshaji anasema moteri ina kichaa. Haina kichaa. Inajaribu kuishi hadi ufukweni.

Kosa la kwanza linalofanyika bandarini ni kuita taa zote jina moja. Taa ya mafuta, taa ya joto na ile taa yenye picha ya moteri hazisemi neno moja.

Taa ya mafuta haina mjadala: zima mara moja, hata kama abiria wanapiga kelele. Moteri ya mapigo manne ikikimbia bila shindo la mafuta inajiua kwa dakika chache, na hakuna fundi wa kuifufua kwa bei ya fundi. Simamisha moteri wima, ngoja kidogo mafuta yashuke, chomoa kijiti cha kupimia. Yakiwa chini ya alama, ongeza. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Yakiwa yamepanda kupita alama na yananuka esansi, basi esansi inashuka ndani ya mafuta. Hiyo mara nyingi inapata moteri inayokaa ralanti saa nyingi, au ile ambayo fundi aliitoa termostati akidhani anaisaidia isipate joto. Termostati haikuwekwa kwa urembo. Bila hiyo moteri inabaki baridi na haichomi esansi vizuri.

Na wako wanaoendelea, kwa mazoea tu, kuchanganya mafuta ndani ya esansi ya moteri ya mapigo manne. Huko ni kulisha ng'ombe nyama. Bujiyi zinachafuka, moshi unatoka, taa inawaka, kisha lawama inakwenda kwa kiwanda.

Taa ya joto inaanza kuchunguzwa kwa macho, nyuma ya moteri, pale maji yanaporuka kama mkojo. Muendeshaji mzuri anageuza kichwa kuangalia maji hayo kila mara, kama dereva anavyoangalia kioo. Yakipungua au yakikatika, maji ya kupoza hayapandi. Kwenye ziwa Kivu sababu ya kwanza iko wazi, na inatoka mjini: sachet. Takataka za Bukavu zinashuka na mvua hadi ziwani, na zinafika mpaka bwawa la umeme la Ruzizi ambako zinaziba mitambo. Kitu kinachosumbua mitambo ya umeme hakitashindwa kuziba matundu madogo ya moteri ya boti. Zima, inua moteri, toa sachet, ngoja ipoe yenyewe, washa tena. Usimwagie chuma cha moto maji baridi.

Kama matundu ni safi na maji bado ni kidogo, tazama turbini ya pompe, lile gurudumu la mpira lenye mabawa. Mchanga ndio unaolimaliza, na mchanga unaingia hasa pale moteri inapowashwa ikiwa imegusa chini, karibu na ufukwe, kwa sababu abiria hawataki kulowa. Turbini ni piesi ndogo. Kuibadilisha kabla haijakatika kunagharimu kidogo sana ukilinganisha na bei ya moteri iliyoungua, lakini wenye boti wengi wanaingoja ife. Ni hesabu ya ajabu kwa watu ambao kwenye biashara nyingine wanajua kuhesabu vizuri sana.

Inabaki taa yenye picha ya moteri, inayowatia watu wasiwasi zaidi sababu haisemi moja kwa moja. Hapa mafundi wengi wanaanza na mwisho: wanasema ni kompyuta imekufa, au wanaanza kubadilisha piesi moja baada ya nyingine hadi pesa za mwenye boti zinaisha. Ingefaa kuanza na vitu vya bure.

Bateri ndiyo ya kwanza. Kwenye boti nyingi bateri hiyohiyo inawasha moteri, inachaji simu za abiria na kupiga muziki. Vichwa vyake vimeota ukungu wa kijani, waya umefungwa kwa vidole tu. Umeme ukishuka kidogo, kompyuta inaona maajabu na kuwasha taa kwa ugonjwa usiokuwapo. Safisha vichwa, kaza kwa ufunguo, ondoa mzigo wa muziki, kisha tazama kama taa inarudi. Pima pia fusibu. Angalia waya zinapokunjika pale moteri inapogeuka, na pale panya wanapolala boti ikiwa imeegeshwa.

Ya pili ni esansi, na hapa pana mengi ya kusema. Esansi ya huku inafika kwa malori kutoka bandari za bahari ya Hindi, inapita nchi mbili au tatu, kisha inamwagwa kutoka pipa hadi bidoni, kutoka bidoni hadi chupa ya kadafi wa barabarani, mara nyingine chini ya mvua. Hakuna haja ya kumtuhumu mtu ili kuelewa kwamba maji na uchafu vinaingia njiani. Moteri ya kareburateri ilikuwa inakohoa, unamwaga maji, inaendelea. Injeksheni haisamehe, matundu yake ni membamba sana.

Kuna kipimo ambacho kila muendeshaji anaweza kufanya alfajiri kabla ya abiria kufika. Chota esansi kutoka chini kabisa ya tanki, itie ndani ya chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache itulie. Maji ni mazito kuliko esansi. Yatakaa chini na mstari utaonekana. Moteri nyingi za Yamaha zina kikombe cha filtri chenye pete nyekundu inayoelea juu ya maji: ikiinuka, maji yamo. Na ile tufe ya mpira ya kusukumia esansi ikinyonywa ikabaki bapa wakati moteri inakimbia, esansi haiji. Fungua tundu la hewa la kifuniko cha tanki kabla ya kumwita fundi. Watu wamewahi kufungua moteri nzima wakati kilichofungwa ni kifuniko.

Ikiwa bateri ni nzima na esansi ni safi, sasa taa yenyewe isomwe. Kwenye moteri nyingi taa haiwaki tu, inakonyeza kwa hesabu: mara mbili, inapumzika, mara tatu, hiyo ni namba 23, na kitabu cha moteri kinaeleza namba hiyo inahusu nini. Kila muendeshaji ana simu. Aipige taa video ya dakika moja na kuituma kwa fundi mwenye kitabu. Kazi hiyo ni rahisi kuliko kueleza kwa mdomo kwamba «inawaka-inazima».

Ila namba haitaji piesi ya kununua. Inataja njia ya umeme ambayo kompyuta haiielewi. Namba ya kipimajoto inaweza kuwa kipimajoto kimekufa, au waya wake umekatika, au maji yameingia kwenye kiungo, au moteri kweli ina joto. Fundi anayesoma namba na kuagiza piesi papo hapo hajachunguza kitu. Amebahatisha, na anabahatisha kwa pesa za mwingine. Piesi yenyewe mara nyingi inatoka mbali, Kampala au Dubai, na ikifika si hiyo, boti imelala wiki nyingi bure.

Jambo moja la ziwa hili mafundi waliosomea penye mwinuko mdogo huwa wanalisahau. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, moteri yoyote inapoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu yake. Injeksheni inapima shindo la hewa na kupunguza esansi yenyewe, kareburateri haijui. Lakini elisi iliyochaguliwa kwa bahari inabaki nzito hapa. Moteri inashindwa kufikia mizunguko yake, inavuta kwa taabu boti iliyojaa, inapata joto, taa inawaka, na fundi anatafuta ugonjwa ndani wakati ugonjwa uko kwenye elisi na kwenye magunia.

Waendeshaji wana jibu, na si la kudharau. Wanasema: moteri ikijipunguza nguvu yenyewe katikati ya dhoruba, ndiyo itakayoua watu, sio joto. Ni kweli kwamba boti nzito yenye mizunguko 2,000 inapigana kwa shida na mawimbi. Lakini kukata waya wa alami hakurudishi nguvu hiyo. Kompyuta itapunguza mbio vilevile, tofauti ni kwamba muendeshaji hatajua kwa nini. Na taa nyingi haziwaki kwanza ndani ya dhoruba. Zinawaka asubuhi, ziwa likiwa kimya, kwa dakika mbili, kisha zinazima. Siku ya pili tena. Dhoruba inakuja kwa moteri ambayo imekuwa ikisema kwa wiki nzima. Boti ya abiria inayovuka sehemu pana ya ziwa ingepaswa kuwa na moteri ndogo ya pili, ya kamba, ya mapigo mawili, ya zamani hata. Na iwe na makasia, na ndoo kubwa au gunia la kufunga kwa kamba kwenye pua ili boti isigeuke ubavu. Vitu hivyo si vya kizungu. Mababu walivuka Kivu kwa makasia.

Sababu kubwa ya kukata waya si ujinga wa ufundi. Ni pesa. Anayeendesha boti mara nyingi si mwenye boti. Mwenye boti yuko mjini, anahesabu safari. Muendeshaji analipwa kwa safari. Akirudi nusu ya njia kwa sababu ya taa, abiria wanadai tiketi zao, mfanyabiashara anadai hasara ya samaki au nyanya, na mwenye boti anauliza kwa nini mwingine aliweza kufika. Jioni anarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu huyo ukimwambia habari za kompyuta atakusikiliza kwa heshima, kisha atakata waya. Mtu wa kubanwa kwanza ni mwenye boti. Muendeshaji aliyerudisha abiria wazima kwa sababu ya taa alipwe siku yake, na jambo hilo liandikwe kwenye mapatano ya vyama vya wenye boti, lisiachwe kwa huruma ya mtu.

Huduma za serikali zinazosimamia usafiri wa ziwa nazo zina kazi ambayo hazijaifanya. Bandarini wanakuja wengi wenye vitabu vya risiti. Wanauliza karatasi, wanahesabu jile siku ambayo wana moyo wa kuhesabu, safari za usiku zimekatazwa mara nyingi na zinaendelea mara nyingi. Moteri haiangaliwi na mtu. Wakati kipimo kipo, hakihitaji chombo wala elimu kubwa, kinachukua sekunde kumi: geuza ufunguo wa kontake kabla ya kuwasha. Kwenye moteri nyingi za kisasa taa zinawaka kidogo zenyewe na alami inalia mara moja, kisha zinazima. Zisipowaka, alami isipolia, kuna waya uliokatwa au taa iliyofunikwa. Boti hiyo isipakie abiria siku hiyo. Moteri isiyofanya hivyo tangu kiwandani inajulikana kwa kitabu chake.

Abiria pia anaweza kuomba kipimo hicho, hasa mwenye watoto, na asione haya. Analipa tiketi.

Kwa upande wa mafundi, shule za ufundi za Bukavu na Goma zinafundisha moteri za magari, na moteri ya boti yenye injeksheni inafanana nazo kuliko inavyofanana na Enduro. Kijana anayeweza kusoma kompyuta ya gari atajifunza ya boti haraka. Kinachokosekana ni kifaa cha kusomea, ambacho kila kampuni ina chake na bei yake si ya fundi mmoja wa ufukweni. Wenye boti wanachanga pesa kwa mambo mengi, pamoja na yale yasiyo na risiti. Kwa kuanza, kingetosha kifaa kimoja Bukavu, kimoja Idjwi na kimoja Goma, mikononi mwa fundi anayelipwa kwa kila moteri anayopima, na daftari la kuandika namba iliyosomwa, tarehe, na kilichofanyika.